Mwanaidi wa Kitabuni

Jumatatu, 4 Julai 1955

Nimetwanga mtama, nimepepeta, nimeanika. Hawa amerudi shule kashika kitabu kifuani kama mtoto mchanga. Sikumsemesha mpaka ale. Mtoto wa shule akianza kusema kabla ya kula, hali tena.

Kitabu chenyewe chembamba. Hadithi ya vijana, anasema. Mwalimu wao, Bi Rehema, yule msichana wa Tanga mwenye sauti ya kinanda, amewagawia na maswali manne juu yake. Mtu mkuu wa hadithi ni nani. Hadithi inatendeka wapi. Yanatokea nini, na kwa sababu gani. Inatufundisha nini. Wasome kwa sauti nyumbani, kidogo kidogo, kisha wajibu. Mwezi ujao mkaguzi Mzungu anakuja kuwasikiliza. Wasichana wawili tu watachaguliwa kwenda shule ya juu, bara.

Wawili. Mmoja awe Hawa. Sikumlea mjukuu aje kuuza mizizi ya ming'oko sokoni Lindi na kutukanwa na walevi.

Mimi chuo cha Kurani niliishia juzuu ya Amma, basi, baba akasema yatosha. Herufi za Kizungu kanifundisha Hawa kwa kijiti mchangani. Naandika vibaya, lakini naandika. Na humu simwandikii mtu.

Jumanne, 5 Julai

Amesoma sura ya kwanza barazani. Nilikuwa nachambua mbaazi. Msichana wa hadithi anaitwa Mwanaidi.

Ungo ulinidondoka. Mbaazi zote chini.

Hawa akasema, "Bibi, si mama. Huyu wa kitabuni." Nikamwambia afunge kinywa aokote mbaazi.

Mwanaidi ni binti yangu. Mama yake Hawa. Alimfuata mumewe Nachingwea kwenye kazi ya karanga, akashikwa na homa huko. Dereva wa lori aliponiletea habari kwamba kafa, nikapanda lori. Nilipofika, wamekwisha kuzika, na aliyezika kahamishwa kambi nyingine, mumewe naye alikuwa mbali kazini wakizika, hakuna wa kunionyesha kaburi. Nikarudi na Hawa mkononi. Mume akaoa mwingine.

Tangu hapo jina lile halitajwi humu ndani. Sisi ni watu wa Rondo. Kwetu jina la marehemu haliitwi mpaka lirithiwe. Mjomba anaweka unga, anamwita aliyekufa, anampa jina mtu wa ukoo, na marehemu anatulia. Likiitwa kabla ya hapo, mwenyewe husikia. Hudhani anahitajiwa. Huja.

Kaka yangu Saidi, ndiye mjomba wake, kila mwaka anauliza, dada, tumrithishe nani. Kila mwaka namfukuza. Maiti sikuiona. Kaburi sikuliona. Nitoe jina la mwanangu kwa maneno ya dereva wa lori?

Hapa nimeliandika. Mkono si mdomo.

Ijumaa, 8 Julai

Hawa lazima asome kwa sauti, mwalimu kaagiza. Basi asome. Lakini nilimwambia, ukifika kwenye jina, ruka. Useme "yule msichana." Akasoma hivyo sura nzima, akakwama mara tatu, maana wasichana wako wawili na hujui yupi anapigwa na yupi anapiga.

Nimesikiliza vizuri. Niseme ukweli wangu. Huyo aliyeandika hajui mambo. Swali la wapi: anasema kijiji cha pwani, halafu asubuhi kuna ukungu wa mlimani, halafu mtu anatembea kidogo tu anafika msitu wa simba. Pwani ipi hiyo? Kachukua Sudi ya pwani kaiweka juu ya mlima wa Rondo. Na bibi wa mle ndani hana jina. Bibi tu. Anakohoa, anatoa methali, anakohoa tena. Mimi sijatoa methali mwaka mzima huu. Nani ana nafasi?

Hawa alicheka mpaka machozi. Akasema kwa utani wa mjukuu na bibi, "Mke mwenzangu, ukaguzi ungefanya wewe." Kicheko kile ni cha mama yake. Nikamwambia anyamaze akachote maji.

Jumatatu, 11 Julai

Hadithi sasa naielewa. Msichana ana mama mgonjwa. Anaondoka kwenda bara kutafuta dawa. Anakawia. Kijijini wanasema kafa, wanalia, wanafanya matanga. Yeye hajafa. Yuko njiani anarudi. Kila sura inamleta karibu. Leo kavuka mto.

Sikupenda.

Leo saa sita mchana, jua la kichwa, Hawa yuko shule. Niko uani nageuza mtama. Nikasikia hodi mbele. Sauti ya mwanamke, ya chini. Mara moja tu. Nikaitika karibu, nikapita ndani kwenda kufungua. Hakuna mtu. Barabara nyeupe, tupu, hata mbuzi hakuna.

Mtu mwenye adabu hupiga hodi mara tatu.

Alhamisi, 14 Julai

Kata ya mtungini nimeikuta imelowa. Hakuna aliyekunywa. Nikasema paka. Kisha nikajicheka mwenyewe. Paka gani anakunywa kwa kata na kuirudisha juu ya kifuniko?

Jumamosi, 16 Julai

Nimemkamata Hawa. Nilitoka sokoni mapema na samaki wangu wakavu wa ng'onda, nikamkuta kakaa kizingitini, mlango wazi, anasoma. Hasomi "yule msichana." Anasoma jina. Tena kwa sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya shamba. Kila akifika kwenye jina anainua kichwa, anatazama barabara.

Nikampokonya kitabu. Nikamuuliza unafanya nini. Akajibu bila woga, "Namsomea, Bibi. Asipotee."

Nilimzaba kofi. Nasema wazi, nilimzaba.

Alikuwa mdogo kule Nachingwea. Sijawahi kumuuliza aliona nini. Watoto hawaulizwi mambo hayo.

Jumapili, 17 Julai

Jirani yangu Mama Kolumba kapita akitoka kanisani. Mmakonde yule, ulimi wake hauna mlango. Kaniita juu ya ua: "Shoga, wageni unaficha siku hizi! Jana yule mwanamke wa kaniki nyeusi mlangoni kwako ni nani? Au ni mkwe unaogopa nitamla?"

Nikamwambia hakuna mgeni.

Akasema, "Basi nimezeeka mimi." Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza alikuwa mrefu au mfupi. Akaacha kucheka, akanitazama. "Mrefu," akasema. "Kasimama kama asiyejua kama ataingia."

Mwanaidi alikuwa mrefu. Alimshinda hata baba yake.

Jumatano, 20 Julai

Nimejaribu kusoma kitabu mwenyewe, Hawa akiwa shule. Kidole chini ya kila neno. Nataka kujua huyo mtu wa kitabuni kafika wapi.

Nimekuta jambo la kunikasirisha. Mwandishi anasema msichana "alikuwa mtiifu na mwenye moyo safi." Ndivyo anavyotujulisha mtu? Mtu humjui kwa kuambiwa. Mwanaidi wangu alikuwa mkaidi. Alikula chumvi kwa kulamba kiganja. Aliogopa vyura. Aliolewa na mwanamume niliyemkataza. Huyo wa kitabuni haogopi kitu, halambi kitu. Amekopa jina tu akalivaa.

Kisha nikaogopa. Nilikuwa nimelisoma jina mara nyingi, midomo inakwenda. Nasoma kwa midomo, sijui kusoma vingine.

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyochemshiwa maua ya mkadi imekaa chumbani mpaka alasiri. Mimi sipaki mkadi. Uzee gani wa kupaka mkadi.

Jumatatu, 25 Julai

Hawa amekonda. Anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Anajibu maswali ya mwalimu kwa bidii, lakini hanionyeshi. Nimemuuliza mtu mkuu wa hadithi umeandika nani. Akasema, "Bibi, si umenikataza kumtaja?"

Ana ulimi. Na ana haki. Lakini sikumwambia.

Jumamosi, 30 Julai. Idi

Tumeswali, tumepika pilau. Hawa kavaa gauni la kijani. Watoto wa mtaa wamekuja kuomba idi yao, nimewapa visheti. Nimesema Idi njema kwa kila mtu na meno nje.

Siku hii ndiyo niliyomzaa. Ndiyo maana ya jina. Mkunga alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Jioni Hawa kasoma sura ya kabla ya mwisho. Nilimwachia, siku ya Idi. Yule msichana amefika juu ya kilima. Anauona moshi wa nyumba ya mama yake. Imebaki sura moja tu.

Hawa akafunga kitabu, akasema, "Keshokutwa atafika." Hakusema kama mtu anayesema hadithi. Amefagia mbele ya nyumba. Sikumtuma. Ametoa mkeka mpya.

Na mimi nilitazama ule mkeka nikaona moyo wangu unataka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Hawa ni mtoto. Mimi nikimkaribisha, nani atamzuia? Wafu hawaji kutembea wakarudi. Huja kuchukua wa kufuatana nao. Na humu ndani tuko wawili, na mmoja ndiye anayekonda.

Jumatatu, 1 Agosti

Nimefanya. Niandike kabla sijajuta.

Hawa aliacha kitabu chini ya mto, wakaitwa shule kufagia uwanja kwa ajili ya mkaguzi. Nikachukua wembe. Nikakaa uani, jua linatosha. Nimelikata jina. Kila lilipo. Sura ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikaweka vipande kwenye kisahani. Sikuharibu neno jingine kwa makusudi, lakini karatasi ina pande mbili. Nilipotoa jina huku, kule nyuma kuna neno limetoka nalo. Mto umebaki bila maji, mama bila mkono, sijui nini.

Sura ya mwisho sikuisoma. Nilitafuta umbo la jina tu, kama mtu achambuaye mchele.

Kitabu kilipokwisha nikakiinua. Jua likapita kwenye matundu likanipiga gauni, madoadoa.

Kisha, vipande nifanye nini? Kuchoma siwezi. Jina la mtu halichomwi, sisi si Banyani. Kutupa siwezi, kuku watadonoa. Nikachukua kipande cha bafta nyeupe, kitambaa cha sanda, nikavifunga. Nikachimba chini ya mndimu. Nikasoma Fatiha, na Yasini ile ninayoikumbuka. Nikafukia.

Mama Kolumba juu ya ua: "Shoga, unapanda nini kiangazi hiki?" Nikamwambia aende zake. Akaona uso wangu, akaenda.

Nilikaa pale nikalia. Vibaya sana. Kama nilivyopaswa kulia Nachingwea, nikashindwa kwa vile sikujua nielekee wapi.

Jumanne, 2 Agosti

Hawa aliona jana jioni. Hakulia, hakupiga kelele. Alipitisha kidole tundu moja, akatoa. Akaweka jani la kitabu usoni, akanitazama kwa jicho moja kupitia pale jina lilipokuwa. Muda mrefu. Nikamwambia acha. Hakuacha.

Leo kaondoka mapema. Shikamoo tu.

Nyumba imetulia. Hakuna hodi, hakuna mkadi. Kata kavu. Nilishinda. Mbona basi sijisikii nimeshinda.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimeitwa shule. Nikavaa kanga mpya, nikaenda. Siogopi mwalimu ninayeweza kumzaa.

Bi Rehema kaniamkia vizuri, shikamoo Bibi, nikamwitikia. Kitabu kiko mezani. Akasema Hawa anadai amekikata yeye. Mtoto yule! Kajitwika. Na mwalimu mkuu amekasirika, anataka kulifuta jina lake kwa mkaguzi, mtoto mharibifu hapelekwi shule ya juu.

Nikasema, "Nimekata mimi, bibi yake, Salima. Wembe ninao. Mtoto hana kosa."

Akauliza kwa nini. Nikamweleza, Rondo, jina, mjomba, yote. Alisikiliza, sina la kumlaumu hapo. Kisha akasema kwa upole ule wa Tanga, "Lakini Bibi, yule si mtu. Ni mtu wa hadithi tu. Mwandishi kamtunga."

Nikamwambia, "Kama si mtu, mbona mnawauliza watoto kama ni mwema au mbaya? Kigogo hakiulizwi kama ni chema."

Akasema, "Hapo umenipata, Bibi." Nikasema najua.

Lakini akasema na lake, nalo limenikaa. Atamwambia mwalimu mkuu ukweli, Hawa hatafutwa. Kitabu kingine hakipo. Hawa atasoma hicho hicho chenye matundu mbele ya mkaguzi, Jumatano ijayo. Na swali la kwanza litakuwa, mtu mkuu ni nani. Hapo lazima alitaje jina, kwa sauti, mbele ya watu. Mwalimu kamjaribu jana. Hawa kakataa. Kasema, "Bibi amemzika. Nikimwita nitamfukua."

Atakataa na mbele ya Mzungu. Namjua. Ni mkaidi kama aliyemzaa.

Nimerudi kwa miguu. Jua kali. Sikuliona.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimempa dereva wa lori la mbao ujumbe wa Rondo. Kaka Saidi aje. Aje na unga wa mtama wa kwetu. Nimesema hivyo tu. Ataelewa, miaka yote anangoja.

Nimekubali kwamba mwanangu amekufa. Kuandika hivi ni rahisi kuliko nilivyodhani. Uongo. Si rahisi.

Jumapili, 7 Agosti

Kaka amefika, vumbi mpaka kope. Kaniambia, "Dada, umezeeka." Nikamwambia, "Wewe umeoza." Tukaketi.

Akauliza nani anarithi. Nikasema Hawa. Akanitazama. Jina la mama kwenda kwa mwana wake mwenyewe si kawaida yetu sana, lakini si mwiko. Akasema, "Ujue unachofanya. Akilichukua, wewe humwiti Hawa tena. Huyu anakuwa mwanao. Aliyekufa anakaa ndani yake. Utampoteza mjukuu."

Nikasema najua. Sikujua. Nilijibu kwa kiburi kama kawaida yangu.

Hawa tulimuuliza mbele ya mjomba. Nilitaka aseme mwenyewe. Akauliza jambo moja tu: "Atakuwa amefika?" Kaka akamjibu, "Atakuwa amefika." Akasema, "Basi nataka."

Jua linatua kaka ameweka unga chini ya mti uani. Kaumimina polepole kwa vidole, ukasimama kama kichuguu kidogo. Kamwita mwanangu kwa jina lake na la baba yake na la ukoo. Tangu afe, ni mara ya kwanza kulisikia kwa mdomo wa mtu mzima. Kasema, tulikuacha njiani, hatukukuona, tusamehe, njoo ukae. Kaufunika kwa chungu.

Jumatatu, 8 Agosti

Asubuhi tumefunua. Unga umesimama, haukumomonyoka hata kidogo. Amekubali.

Kaka kachovya kidole kwenye unga na maji, kampaka Hawa paji la uso. "Mwanaidi." Akaitika, "Abee." Si sauti yake ile ya puani. Ya chini.

Nikaenda jikoni kukoroga uji usiohitaji kukorogwa.

Amekula bakuli mbili. Akamaliza akalamba chumvi kwenye kiganja. Sijawahi kumwona Hawa akifanya hivyo. Sijawahi kumwambia mtu. Labda aliona kwa mamake utotoni. Labda.

Jumatano, 10 Agosti

Nilikwenda. Nikasimama nje ya dirisha la darasa na akina mama wengine, tumebanana kama dagaa. Mkaguzi ni Mzungu mrefu mwekundu, Kiswahili chake kizuri kuliko nilivyotaka.

Wenzake mtoto wangu walisoma, wakajibu. Mtu mkuu ni fulani, ni mtiifu. Mahali ni kijijini. Inatufundisha utii. Wote vile vile, kama wamemezeshwa kijiko kimoja.

Yeye akasimama na kitabu chake cha matundu. Kasoma sura ya mwisho. Ile ambayo sikuisoma. Akifika kwenye tundu, analitaja jina, sauti haitetemeki, kama limeandikwa. Hata maneno yaliyotoka upande wa nyuma kayajaza mwenyewe. Sijui kama ndiyo aliyoyaandika mwandishi. Yalikaa vizuri zaidi. Msichana akafika mlangoni. Mama hakumtambua kwanza. Kisha akamtambua. Basi. Imeisha hivyo. Kitu kidogo tu. Nilijishika dirishani.

Mkaguzi akauliza mtu mkuu ni nani. "Mwanaidi."

Ni mwema au mbaya? Akafikiri. "Si mwema, si mbaya, bwana. Amechelewa."

Hadithi inatendeka wapi? Wenzake walisema kijijini. Yeye akasema, "Njiani, bwana. Kijiji ni mwanzo na mwisho tu."

Inatufundisha nini? Bi Rehema kafumba macho. Akasema, "Wengine inawafundisha utii. Mimi imenifundisha kuitika."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. Kisha akaiokota akaandika muda mrefu.

Mama mmoja ubavuni pangu akasema, "Mtoto wa nani huyu, jamani?" Nikasema wangu. Nikasema kwa sauti kubwa.

Ijumaa, 12 Agosti

Amechaguliwa. Yeye na binti wa karani. Bi Rehema kaja mwenyewe kuniambia, kanywa maji, kasifu nyumba. Nimemfungia mayai.

Nilipiga kigelegele. Mama Kolumba akaitikia cha kwake bila kujua cha nini, kisha akaja kuuliza. Tukapika.

Jioni ndiyo ikanijia. Nimemtaka aende bara. Nimeomba, nimehangaika, nimekubali kifo ili aende. Na sasa ni nani anayekwenda? Mwanaidi. Mwanaidi anaondoka nyumbani kwangu kwenda bara, kwa mara ya pili, na mimi ndiye ninayemfungia mzigo.

Nilimkataza wa kwanza, akaenda. Huyu nimemsukuma.

Jumapili, 21 Agosti

Namwita Hawa, nasahau. Haitiki. Si jeuri, hasikii kabisa, anaendelea na kazi yake. Namwita Mwanaidi, anageuka. Leo kanipaka mafuta miguuni, akaniambia, "Mama, vidole vyako vimekuwa baridi." Mama. Nilitaka kumsahihisha. Nikampa mguu wa pili.

Nampenda. Na namkumbuka mjukuu wangu, naye kakaa mbele yangu ananikanda mguu.

Jumapili, 15 Januari 1956

Ameondoka leo. Lori mpaka mji wa Mtama, kutoka huko anajua mwenyewe Mungu na walimu. Sanduku la mbao kachonga fundi wa mtaa. Nimemwekea ng'onda, unga wa mtama, kanga yangu moja ya zamani. Nimemwambia asioge maji baridi akiwa na homa. Nimemwambia akiumwa, aseme. Asingoje. Aandike, hata neno moja, nitasoma kwa midomo yangu.

Alipanda, akakaa juu ya magunia. Hakulia. Akanipungia kwa kiganja chote.

Nilikaa pale mpaka vumbi likatua. Kondakta mmoja akaniambia, "Bibi, limeshaondoka hilo." Nikamwambia macho ninayo.

Jumanne, 17 Januari

Mvua imenyesha asubuhi, fupi. Nimefagia. Nyumba haina kitu. Haina hata kile nilichokuwa nakiogopa. Nimekaa nikisikiliza, pana sauti ya mende kwenye makuti, basi.

Mama Kolumba kaja na mahindi ya kuchoma. Hakuingia, mikono imejaa. Kasimama uani akaniita, "Mama Mwanaidi! Mama Mwanaidi, toka, yatapoa!"

Mara ya mwisho kuitwa hivyo, nilikuwa bado nina meno yote.

Nikaitika abee kabla sijafikiri. Sikujua ni mama wa yupi aliyeitika. Nikatoka, nikachukua mahindi. Yalikuwa ya moto.